Mkeka wa joto chini ya tiles za bafu: haukatwi, na upimwe kabla haujafunikwa

Dada mmoja anayekaa Tudor, Mombasa, ameniuliza swali refu, nalifupisha hapa ili na wengine wafaidike. Yeye na mumewe wanamrekebishia baba mkwe bafu kule Limuru, mzee ana miaka sabini na kitu alafu ana sukari, na asubuhi za Julai akiingia bafuni yuwalalamika miguu inaganda. Tiles za zamani zishabanduliwa. Shemeji aliyeko Uingereza amewatumia mkeka wa stima wa kupasha sakafu joto, wa mita mraba 4, na bafu lenyewe ni mita 2 kwa 2.6. Fundi wa tiles kasema kipande kitakachozidi atakikata tu, thamostati ataiweka ndani ya bafu kando ya sinki ili mzee aifikie, na stima ataivuta kutoka kwa laini ya shawa ya instanti. Dada auliza: fundi yuko sawa? Tokeni za stima si zitakwisha? Na je, naye aweke kwake Tudor?

Dadangu, nianze na la Tudor manake ni fupi. Usiweke. Hapa Mombasa hata Julai usiku joto lashinda digrii 20 na zaidi, tiles zako haziwezi kukuumiza miguu, hiyo pesa fanyia waterproof ya bafu au tangi la maji. Limuru ni habari nyingine kabisa, kule ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, usiku wa Julai yashuka karibu digrii 10 na sakafu ya simiti iliyolala juu ya udongo hukaa baridi mpaka mchana, kwa hivyo kumuwekea mzee joto chini ya miguu si anasa, ni kitu cha maana na mmefikiria vizuri.

Lakini yale matatu aliyosema fundi, yote matatu yakataeni. Na nitaeleza kila moja kwa nini, manake fundi wa tiles akiambiwa hapana bila sababu atafanya vile alivyozoea mkigeuza mgongo.

La kwanza, kukata. Mkeka huu ukiuangalia ni wavu wa plastiki na juu yake kumeshonwa waya moja ndefu inayokwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Hiyo waya ndo hita yenyewe, na ni moja kutoka mwanzo hadi mwisho, si vipande vipande. Urefu wake umepimwa kiwandani ili ukinzani wake, yaani zile ohm, utoe wati fulani kwenye volti 230. Mikeka ya bafu mingi ni wati 150 kwa kila mita mraba, kwa hivyo wako wa mita 4 huenda ni wati 600, na ukichukua 230 mara 230 ukagawanya kwa 600 wapata kama ohm 88. Sasa mtu akiikata ile waya katikati, kitu kimojawapo kitatokea: ama mkeka unakufa hapo hapo, ama mtu anajaribu kuunganisha ncha za kipande kilichobaki, waya imekuwa fupi, ohm zimeshuka, moto unaopita, yaani stima yenyewe, umeongezeka na kila sentimita ya waya inachemka kuliko ilivyotengenezwa, na hapo ndo mwanzo wa kuungua chini ya tiles usione chochote juu. Kinachokatwa ni WAVU peke yake, unakata wavu ili ugeuze mkeka uende upande mwingine wa chumba, waya yenyewe inabaki nzima inapinda tu. Mwambie fundi hivyo hivyo kwa maneno hayo, makasi kwenye wavu ni sawa, makasi kwenye waya hapana.

Na kuna jambo jengine, mkeka wa mita 4 hauingii kwenye lile bafu hata mkitaka. Chumba chote ni mita mraba 5.2, sawa, lakini mkeka hauwekwi chini ya kitu kilichokaa chini moja kwa moja. Toa kona ya shawa, kama 0.8. Toa choo, kama 0.3. Toa kabati la sinki kama limekalia sakafu, kama 0.4. Alafu kando ya kuta zote waacha sentimita 5 hivi, hiyo nayo yafika kama nusu mita mraba. Wabaki na 3.2. Kwa hivyo mwataka mkeka wa mita mraba 3, si 4, kwa upana wa kawaida wa sentimita 50 ni mkeka wa urefu wa mita 6. Siku zote chagua mkeka mdogo kidogo kuliko nafasi uliyonayo, manake ukibakiwa na kijisehemu bila joto hakuna atakayeona, lakini ukibakiwa na waya huna pa kuipeleka, na kuipandisha juu ya waya nyengine ni marufuku, kuipitisha chini ya kabati pia, joto halina pa kutokea linajazana hapo. Mwambie shemeji aubadilishe, na akishindwa auze atume waya ya kulaza kwa mkono, ile inayouzwa bila wavu, ambayo wewe wapanga nafasi kati ya mstari na mstari mwenyewe. Hiyo ni nzuri kwa vyumba vyenye kona nyingi ila yataka fundi mwenye subira.

Mkumbushe pia asije akanunua ya Marekani kwa sababu ni rahisi. Kule kuna mikeka ya volti 120. Ukiiweka kwenye 240 yetu haitoi joto mara mbili, yatoa mara nne, na hiyo haidumu. Ya Uingereza ya volti 230 haina shida kwetu, itatoa joto zaidi kidogo tu.

Sasa la stima, na hapa ndo nataka unisikilize kwa makini, manake mkeka ni kitu cha kuongeza starehe lakini erthi, yaani njia ya kupeleka stima iliyovuja ardhini, ni maisha ya mtu. Mzee atakuwa amesimama miguu mitupu, imelowa, juu ya waya ya volti 240 iliyo sentimita moja au mbili chini ya nyayo zake. Mkeka mzuri una ngao ya chuma iliyozungushiwa ile waya yote, na ngao hiyo inaunganishwa na erthi, ili ganda la waya likitoboka moto ukimbilie kwenye erthi usimpitie mtu. Lakini ngao bila erthi ya kweli ni pambo. Nyumba nyingi zetu, Pwani na bara, nimeona ile waya ya kijani na manjano imefika mpaka kwenye boksi alafu imekunjwa ikaachwa, au imefungwa kwa rodi fupi iliyopigwa kwenye udongo mkavu nyuma ya jikoni na klampu ishashika kutu. Taa zinawaka, TV inafanya kazi, watu wanaoga kwa shawa ya instanti na wengine wanahisi vijisisimko wakigusa bomba na wanasema "ni kawaida". Si kawaida, hiyo ni erthi haipo.

Kwa hivyo kabla mkeka haujatolewa kwenye boksi lake, tafuteni fundi wa stima mwenye laiseni ya EPRA (mamlaka ya serikali ya kawi), si fundi wa tiles anayejua jua stima, aje apime erthi ya ile nyumba kwa mita ya kupimia erthi, akupe namba. Na kwenye laini ya mkeka aweke RCD, yaani swichi inayokata stima ikivuja, ya miliampia 30. Watu huuliza kwani breka haitoshi? Haitoshi, na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme rodi ya mzee yasoma ohm 50. Waya ikigusa ngao, moto utakaopita kwenda chini ni 240 ukigawanya kwa 50, yaani ampia 4.8. Breka ya ampia 10 ikiona 4.8 hiyo ni kazi ya kawaida kwake, itakaa imewashwa siku nzima na sakafu ina moto. RCD yenyewe haiangalii ukubwa, yalinganisha moto uliotoka na uliorudi, ikiona uliorudi umepungua kwa miliampia 30 inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hiyo ndo tofauti kati ya mzee kushtuka kidogo na mambo mengine sitaki hata kuyataja. RCD ina kitufe cha kujaribu, kimeandikwa T, mtu wa pale nyumbani akibonyeze kila baada ya miezi michache, lazima ikate. Isipokata, zima ubadilishe.

Kuvuta kutoka kwa laini ya shawa, hapana. Shawa ya instanti yakula kilowati kadhaa, laini yake ina waya nene na breka kubwa ya ampia 30 au 32, sasa ukiunga hapo kijiwaya chembamba cha mkeka unaokula ampia 2 tu, siku kijiwaya kikipata hitilafu kitaungua kabla ile breka kubwa haijajua kuna nini. Mkeka upate laini yake kutoka kwa boksi la breka, breka ndogo yake, RCD yake, na swichi inayokata live na neutro zote mbili, iwe nje ya bafu.

Na thamostati vile vile ikae nje ya bafu, ukutani kwenye korido au chumbani mwa mzee kando ya mlango. Kando ya sinki maji yarukaruka, mikono imelowa, mvuke umejaa, kwenye bafu dogo hivyo hakuna pa kuificha. Sheria za kimataifa za waya bafuni zagawa chumba kwa kanda kulingana na umbali kutoka shawa au bafu la kulala, na kwenye kanda za karibu swichi za kawaida hazitakiwi, lakini mimi kwa bafu la mita 2 kwa 2.6 wala siingii kwenye hesabu za sentimita, naiweka nje nimalize. Mzee hahitaji kuifikia akiwa anaoga, thamostati ina saa ndani, yapangwa mara moja ijiwashe saa kumi na moja alfajiri na kujizima saa mbili asubuhi. Nunueni ambayo ikipotea stima inakumbuka saa, manake ukiwa na ile ambayo stima ikikatika yarudi kwenye usiku wa manane, itampashia mzee bafu saa ambazo amelala.

Kinachoingia bafuni ni senza peke yake. Hiyo ni kijiwaya chenye kitone mwishoni kinachosoma joto la sakafu, na chapita ndani ya bomba dogo la plastiki mpaka katikati ya mistari miwili ya waya ya mkeka, katikati kabisa, kisiguse mstari wowote wala kuupita juu. Ncha ya bomba izibwe kwa tepu ili gluu isiingie. Kwa nini bomba? Senza huharibika baada ya miaka, ikiwa ndani ya bomba waivuta kutoka ukutani waingiza mpya kwa dakika chache, ikiwa imezikwa kwenye simiti ni kubandua tiles. Nimeona mafundi wakiruka bomba kuokoa pesa ya soda, na mwenye nyumba ndo alilipa baadaye.

Tuje kwenye sakafu. Zege la Limuru limekaa juu ya udongo baridi, ukilaza mkeka moja kwa moja juu yake joto jingi litashuka chini, mzee atangoja masaa na tokeni zinakwenda. Wekeni bodi za insulesheni za kuweka chini ya tiles, zile ngumu zenye povu ndani na simiti nyembamba juu, milimita 10 yatosha, zigandishwe vizuri kwa gluu ya tiles, zisitikisike ukikanyaga. Si foili ya zulia wala ile stairofomu laini ya kufungia TV, hiyo itabonyea na tiles zitapasuka. Kwa bodi hizo sakafu inaanza kuhisika joto kwa nusu saa mpaka saa moja hivi, bila bodi ni masaa, na tofauti hiyo mwailipa kila siku mpaka mwisho.

Pimeni kimo mapema. Bodi milimita 10, mkeka na kifuniko chake kama 8, gluu 5, tile 9, jumla ni kama milimita 32 juu ya zege lililopo. Kama sakafu ya bafu itakuwa juu kuliko ya chumbani, maji yatatoka mlangoni. Angalieni mlango, angalieni kimo cha mtaro wa kutolea maji, na kama haiingii ni afadhali kuchonga zege kidogo sasa hivi kabla chochote hakijalazwa.

Na mteremko. Hili husahaulika sana kwa sababu maelezo ya mkeka yameandikwa na watu ambao mabafu yao sakafu ni sawa kabisa na shawa ina trei yake. Kwenye boksi wataandika umwage simiti laini inayojisawazisha yenyewe juu ya mkeka. Ni nzuri, yafunika waya zote bila kuacha hewa, lakini yajisawazisha kweli kweli, yaani mteremko wenu wa kupeleka maji kwenye mtaro unapotea na maji yatasimama katikati ya bafu, na mzee wa miaka sabini na maji yaliyosimama mwajua wenyewe. Kwa mabafu yetu ambayo maji yamwagika kila mahali, mimi nafunika mkeka kwa gluu ya tiles ya kunyumbulika, kwa mkono, kwa mwiko wa plastiki, nafuata mteremko, naacha ikauke, alafu napaka waterproof juu yake tabaka mbili na kuipandisha ukutani, ndo tiles zinafuata. Waterproof iwe juu ya mkeka, si chini yake tu, ili maji yasiufikie kabisa. Mwiko wa chuma kwenye tabaka la kwanza sitaki kuuona, hiyo waya ina unene wa kama milimita 3 na ukali wa mwiko waikwaruza bila fundi kujua.

Hapo sasa twafika kwenye kupima, na kama kuna sehemu moja ya jibu hili ya kuiprinti na kumpa fundi ni hii. Mkeka ukishafunikwa na tiles huuoni tena. Uliotoboka na mzima juu wafanana. Njia pekee ya kujua ni mita, na mita itumike wakati bado waweza kufanya kitu.

Pimeni mara tatu: ukitoka kwenye boksi, ukishalazwa na kubandikwa, na tiles zikishawekwa kabla ya grauti. Kila mara vipimo viwili. Cha kwanza kwa multimita ya kawaida, kati ya live na neutro za mkeka, soma ohm. Ule wa mita mraba 3, yaani wati 450, wasoma kama 118, angalia lebo ya kwenye mkeka wenyewe, watengenezaji wengi wakubali pungufu ya asilimia 5 au zaidi ya asilimia 10, yaani kama 112 mpaka 129. Ikionyesha njia hakuna kabisa (si sifuri), waya imekatika. Ikisoma ndogo sana, imegusana. Kipimo cha pili ni cha meger, ile mita ya kupimia uzima wa ganda la waya, kwa volti 500, live na neutro zimeshikanishwa pamoja upande mmoja, ngao ya erthi upande wa pili. Mkeka mpya mzuri wasoma juu sana, mamia ya megaohm au mita yafika mwisho wake. Multimita haiwezi kazi hii, yatumia volti ndogo mno za betri, ganda lenye jeraha dogo litapita kwa multimita na kufeli siku volti 240 zitakapoingia na gluu ikiwa bado na unyevu. Kwa hivyo fundi akikuambia "nimepima kwa multimita iko poa", muulize meger iko wapi.

Namba ziandikwe kwenye karatasi na tarehe, na cha kuangalia si kama ni kubwa au ndogo tu, ni kama zimebadilika. Ikiwa asubuhi ilikuwa 118 na jioni bado ni 118 na meger haijashuka, endelea. Na mkipima pia katikati ya kazi, ikiwa meger imeshuka ghafla baada ya safu ya tatu ya tiles, simama hapo hapo, jeraha liko kwenye safu ya tatu na gluu bado mbichi, tile zatoka kwa mkono. Ukigundua wiki mbili baadaye ni kuita mtu mwenye kamera ya joto au mashine ya kutafutia mahali waya ilipokatika, kubandua, kuunga kwa kifaa maalum, kuweka tena waterproof. Wengine wanauza kipiga kelele kidogo cha betri chenye kufungwa kwenye waya za mkeka wakati tiles zinawekwa, waya ikiguswa vibaya kinalia. Mkikipata, kifungeni.

Kabla ya kufunika pia, pigeni picha nyingi za mkeka na utepe wa kupimia umelazwa pembeni, zionyeshe umbali kutoka ukutani. Choo kitafungwa na skrubu sakafuni, kesho keshokutwa mtu atataka kuweka kizuizi cha mlango au kiti cha mzee cha kuogea cha kufungwa chini, na dreli haijui waya iko wapi. Kuzunguka choo acheni nafasi ya kutosha. Na ile sehemu ambapo waya ya joto yaungana na waya ya baridi inayokwenda kwenye thamostati, hicho kifundo kizikwe ndani ya gluu chini ya tile, kisipandishwe ukutani kwenye bomba, manake upande wake mmoja ni wa moto na ukikaa kwenye hewa utaungua.

Kuweka tiles zenyewe, mafundi wetu wazuri sana wa mkono lakini wengi wamezoea kupiga matonge, matonge manne pembeni moja katikati, tile juu, gonga gonga, imekaa sawa. Juu ya mkeka hilo haliruhusiwi. Penye tonge joto lapita, pasipo na tonge pana hewa, na hewa haipitishi joto vizuri, waya inapita ndani ya hewa inazidi kuchemka mpaka inaharibika, na tile nayo yapanuka vibaya inapasuka. Gluu ipakwe kote kwa mwiko wa meno, na mgongo wa tile nao upakwe. Mchanga na simiti vya kawaida hapana, havinyumbuliki, sakafu inayopata joto na baridi kila siku yatanuka na kurudi. Gluu ya kunyumbulika, kwenye mfuko mara nyingi imeandikwa C2 na S1, grauti ya kunyumbulika pia, na pembeni kabisa pale sakafu yakutana na ukuta weka silikoni badala ya grauti. Tile za kauri au porselini au jiwe zote zapitisha joto vizuri, chagueni zenye uso wa kukwaruza kidogo zisiteleze.

Alafu mtangoja. Msiwashe mkeka ili gluu ikauke haraka, hiyo itaikausha juu na kuiacha dhaifu ndani. Fuateni kilichoandikwa kwenye mfuko, kwa kawaida ni wiki moja hadi mbili, na Limuru kwa baridi ile na unyevu ule mimi ningengoja wiki mbili kamili. Ikiwa mmemwaga simiti nene juu, ni kama mwezi. Siku ya kwanza washeni kwa digrii chache, mpandishe polepole kwa siku kadhaa.

Tokeni sasa. Mkeka wa wati 450 ukiwaka masaa matatu mfululizo ni unit 1.35. Tuseme unit ni shilingi 30 kwa hesabu rahisi, hiyo ni kama shilingi 40 kwa asubuhi moja, na kwa kweli ni pungufu kwa sababu sakafu ikifika joto lake thamostati yazima na kuwasha. Shawa ya instanti ya kilowati 5.5 kwa dakika kumi yakula karibu unit 1. Kwa hivyo mkeka wenye saa na bodi za insulesheni chini hautawafilisi, na miezi ya Januari na Februari wala hamtauwasha. Unaofilisi ni mkeka usio na bodi, umeachwa umewaka mchana na usiku.

La mwisho ni la mzee mwenyewe, na umenitajia sukari kwa kupita tu lakini mimi nimelishika. Mtu aliyekaa na sukari miaka mingi nyayo zake zaweza kupoteza hisia, asijue kitu ni cha moto mpaka ngozi ishaumia. Kwa hivyo thamostati iwekwe kwa joto la sakafu, si la hewa, ianze na digrii 27, na kwenye mpangilio wa ndani kuna kiwango cha juu kabisa, kifungwe kwenye 29 ili hata mjukuu akichezea vitufe kisipite hapo. Kwa mguu mtupu 27 mpaka 29 ni raha tosha. Wiki ya kwanza mtu akague nyayo zake kila jioni. Na lile zulia nene la mpira lenye kunyonya chini, litoeni, lafungia joto chini yake na pale litakapokaa patachemka kuliko senza inavyosoma, kitaulo chembamba cha pamba chatosha.

Kwa hivyo kesho zungumza na fundi wa tiles kwa upole, kazi yake ya mkono bado mwaihitaji, mwambie asubiri fundi wa stima afike kwanza. Mkipata namba ya erthi, na ohm na meger za mkeka mpya ukiwa bado kwenye boksi, nitumie pamoja na picha ya lebo na mchoro wa bafu hata wa kalamu, nitakuambia mkeka uanzie kona gani na ugeuzwe wapi.